Kadi ya Grafiki Wachimbaji Wakishafagia Soko

Kabla hujatoa hata shilingi mfukoni, geuza kompyuta yako uitazame mgongoni. Washa tochi ya simu. Pale penye matundu ya USB na ya waya wa intaneti, tafuta tundu la bluu lenye vishimo 15, hilo ndilo VGA; au tundu la HDMI kama lile la king'amuzi; au la DisplayPort, linalofanana na HDMI ila limekatwa kona moja tu. Ukiliona mojawapo, chomeka waya wa skrini hapo kisha washa. Picha ikija, grafiki unayo tayari, imo ndani ya prosesa, na pengine safari ya dukani haina haja tena.

Naanzia hapa kwa makusudi. Mwaka 2021, bei za kadi zilipokuwa hazishikiki, alinijia mama mmoja mwenye steshenari. Kadi yake ndogo ilikuwa imekufa, na fundi alishamwambia atafute nyingine. Alizunguka Kariakoo siku mbili, kila duka linamtajia bei ya kumkatisha tamaa. Nilipoigeuza mashine yake, Dell ya ofisini ya mtumba, nikakuta tundu la VGA la mashine yenyewe limezibwa kwa kifuniko cheusi cha plastiki ambacho hakuna aliyewahi kukibandua. Nikakibandua kwa bisibisi, nikachomoa kadi iliyokufa, nikahamishia waya pale. Windows ikafunguka. Kazi zake ni barua, fomu za maombi ya ajira na kurudufu vyeti. Kadi hakuwahi kuihitaji tangu siku ya kwanza.

Wapo wasio na namna. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano Core i5-10400F, hazina grafiki ndani. Ryzen za kompyuta za mezani za kabla ya mfululizo wa 7000 hazina pia, isipokuwa zenye herufi G. Hata tundu la HDMI likiwapo kwenye mazabodi, halitoi kitu. Na zile mashine kubwa za kazi nzito zinazoingia kama mitumba, mfano HP Z420 au Dell Precision T3600 zenye prosesa ya Xeon, bila kadi ni giza tupu. Kama yako ni mojawapo, au kazi yako imeizidi nguvu grafiki ya ndani, basi twende pamoja.

Kwanza mjue unayeshindana naye: mchimbaji wa sarafu za kidijitali. Lawama nyingi hutupiwa Bitcoin, lakini Bitcoin ilishaachana na kadi za grafiki miaka mingi. Inachimbwa kwa mashine maalumu zisizojua kazi nyingine. Iliyozila kadi ni Ethereum. Januari 2018 ilipovuka dola 1,300, na tena Novemba 2021 ilipovuka dola 4,800, kadi moja ilikuwa inarudisha gharama yake ndani ya miezi michache, kwa hiyo mchimbaji hakununua moja, alinunua rafu nzima. Radeon RX 580 ya GB 8, iliyozinduliwa Aprili 2017 kwa dola 229, ilifika mara mbili ya bei hiyo huko Marekani kwenyewe. Huku kwetu, ambako mzigo unapita mikono mingi kabla ya kufika kaunta, hesabu ikawa mbaya zaidi. Wimbi la pili lilikutana pia na janga la korona na uhaba wa chipu duniani, ndiyo maana lilidumu muda mrefu.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote humu. Mchimbaji wa Ethereum alitafuta kumbukumbu kubwa yenye kasi. Uchimbaji ulidai faili moja kubwa likae lote ndani ya kumbukumbu ya kadi, na faili hilo lilikuwa linanenepa kila wiki. Mwishoni mwa Desemba 2020 lilivuka GB 4, na kadi za GB 4 zikatoka kwenye hesabu zake. Za GB 2 alikuwa ameshazitupa miaka mingi nyuma. Kwa hiyo kadi ndogo, ile inayomtosha mtu wa ofisi, mwanafunzi wa uchoraji wa majengo au mtoto anayetaka gemu za zamani, mchimbaji hakuitaka hata kwa bure.

Mbona nazo zilipanda? Kwa sababu wacheza gemu waliokosa kadi kubwa walishuka ngazi moja, waliokuwa ngazi hiyo wakashuka nyingine, na wauzaji wakapandisha kila ngazi. GeForce GTX 1050 Ti ilizinduliwa Oktoba 2016 kwa dola 139. Mwaka 2021 Nvidia ilibidi iirudishe sokoni kwa uhaba, na iliuzwa juu ya bei ile ya miaka mitano nyuma. Unachotakiwa kufanya ni kushuka chini ya ngazi wanapoishia wacheza gemu, au kupita pembeni, kwenye kadi za ofisi ambazo wao hawazitazami.

Chukua karatasi uandike kazi ya kompyuta yako kwa sentensi moja. Usiandike unayotamani kuifanya mwakani. Andika ya wiki hii.

Ukiwa umeandika "skrini mbili na Excel", kadi yoyote inayotoa picha inatosha. GeForce GT 710, inayokula wati 19 na mara nyingi haina hata feni, itafanya kazi hiyo kimya kimya. Usiibebeshe zaidi ya hapo, maana ni chipu ya kizazi cha Kepler na Nvidia iliacha kukitolea draiva mpya za kawaida mwaka 2021.

Ukiwa umeandika "kuhariri video za harusi", simama kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa hela nyingi. Muuzaji atakupa GT 1030 akikuhakikishia kuwa ni kadi ya video. Kadi hiyo inaonyesha video vizuri, ila haina ile sehemu ya chipu inayobana video wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. Grafiki ya ndani ya prosesa za Intel inayo, inaitwa Quick Sync, na Premiere Pro inaitumia. Maana yake unaweza kulipia kadi, ukaichomeka, kompyuta ikazima grafiki ya ndani, na harusi iliyokuwa inatoka kwa dakika 40 ikaanza kuchukua saa mbili. Nimelishuhudia hili kwa kijana aliyeamini ameharibiwa mashine. Tuliingia kwenye BIOS, tukaruhusu grafiki ya ndani iendelee kuwaka sambamba na kadi, kasi ikarudi. Radeon RX 6500 XT iliyotoka Januari 2022 kwa dola 199 ina upungufu huohuo, na juu yake inatumia njia nne tu za mawasiliano na mazabodi, kwa hiyo kwenye mashine za zamani kidogo inapoteza nguvu zaidi. Kwa mhariri wa video mwenye prosesa ya Intel yenye grafiki, ushauri wangu ni kuongeza RAM kwanza na kuiacha kadi mpaka bei zitulie.

Ukiwa umeandika "AutoCAD" au "ArchiCAD", achana na jina la GeForce. Ulizia Quadro. Hizi ni kadi za ofisi za wahandisi, na kampuni za nje zinapobadilisha mashine zao hutolewa kwa wingi, wala wacheza gemu hawazipiganii. Quadro K620 ina GB 2 za kumbukumbu na viini 384 vya kukokotoa. P600 ina viini idadi hiyohiyo lakini kumbukumbu yake ni ya kasi zaidi. P1000 ina GB 4 na viini 640, na inabaki chini ya wati 50. Zote ni fupi kwa kimo na hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Angalizo moja: P600 na P1000 zinatoa picha kwa matundu madogo ya mini DisplayPort, kwa hiyo hesabu bei ya kigeuzi kabla hujafurahia bei ya kadi, na kichomeke palepale dukani uone kama kinafanya kazi.

Na kama umeandika "gemu", tazama GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014. Imezeeka, lakini ina viini 640, inatumia wati 60, na gemu za mpira na mbio za magari za enzi zake inazimudu bila kulalamika. Radeon RX 550 nayo ni ya kufikiria. GT 1030 iko chini ya hizo mbili, na ina mtego ambao lazima uujue kwa jina. Ya kwanza, ya mwaka 2017, ina kumbukumbu aina ya GDDR5 yenye kasi ya GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye DDR4, kasi yake GB 16.8. Sanduku ni lilelile, jina ni lilelile, bei inakaribiana, na nguvu kwenye gemu inaweza kuwa nusu. Geuza sanduku usome herufi ndogo. Zikiwa zimeandikwa DDR4 pekee, irudishe kwenye rafu.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua kasha la kompyuta upime kwa rula. Tundu la PCI Express kwenye mazabodi linatoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima iwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai, wa pini sita au nane, na mashine nyingi za ofisi za mtumba, hizi OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre, hazina waya huo. Pawa saplai zake ndogo ziko kati ya wati 180 na 260, na nyingi zina umbo la kampuni husika, huwezi kununua nyingine ya kawaida ukaibandika. Baadhi ya makasha membamba yanaruhusu wati 35 tu kwenye tundu la kadi. Kijitabu cha mashine kitakwambia. Kisha tazama kibati cha chuma kinachofunga kadi mgongoni mwa kasha. Kasha jembamba linataka kibati cha sentimita 8. Kirefu ni cha sentimita 12 na hakiingii hata ukilia. Kadi nyingi ndogo zinakuja na vibati viwili sandukuni, ila za mtumba kimoja huwa kimepotea. Kiulizie kwa jina: "kibati kifupi kipo?"

Sasa tuongelee kanyaboya, maana bei zikipanda ndipo zinapozaliwa. Mimi mwenyewe nilishauziwa. Stika ilisema GTX 1050 Ti, GB 4. Niliichomeka, Windows ikaitambua kwa jina hilohilo. Nilipoweka draiva halisi ya Nvidia, skrini ikawa nyeusi na haikurudi. Nikaifungua feni, nikapangusa pesti ya zamani kwa kitambaa na spiriti, nikasoma maandishi juu ya chipu kwa kioo cha kukuzia: GF116. Hiyo ni chipu ya mwaka 2011, ya enzi za GTX 550 Ti. Mtu alikuwa ameandika upya programu ndogo iliyomo ndani ya kadi ili idanganye jina lake. Hela ilikwenda, kwa sababu nilikuwa nimeshatoka dukani bila kuijaribu.

Ningeitazama tu mgongoni ningeokoka. Ile kadi ilikuwa na tundu la bluu la VGA. GTX 1050 Ti ni ya kizazi cha Pascal, na Nvidia iliondoa kabisa picha ya VGA kwenye chipu za kizazi hicho. Ukiona GTX ya mfululizo wa 10 ina tundu la bluu, ishuku papo hapo, hata kama muuzaji anakuapia.

Kwa hiyo tembea na flashi. Ndani yake weka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Haihitaji hata kusakinishwa. Tangu mwaka 2018 programu hii inazitambua chipu nyingi za kale zilizobadilishwa majina, na ikikuta moja inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi. Usiishie hapo lakini. Soma idadi ya viini na aina ya kumbukumbu: GTX 1050 Ti halisi ina viini 768 na GDDR5 ya biti 128, GT 1030 ina 384 na biti 64. GT 730 ndiyo yenye utata kuliko zote, kwa sababu jina hilo moja lilipewa kadi za chipu mbili tofauti kabisa, moja ya viini 96 na nyingine ya 384. Muuzaji anaweza kukuuzia ile ya 96 bila kukudanganya hata neno moja. Namba kwenye GPU-Z ndizo zitakazokulinda.

Weka pia FurMark kwenye flashi hiyo. Iache ikimbie dakika kumi huku unatazama joto na kusikiliza feni. Kadi ndogo yenye afya itapanda, kisha itatulia mahali pamoja. Inayopanda bila kukoma, inayotoa vidoti vya rangi kwenye picha, au inayozima mashine, usibishane nayo.

Je, kadi iliyotoka kwa mchimbaji? Wimbi likishapita zinamwagika sokoni kwa bei ya kutamanisha, na watu wengi wanaziogopa kupita kiasi. Chipu iliyokaa kwenye joto lilelile mwaka mzima mara nyingi haijaumia kama unavyodhani. Kinachochoka ni feni, pesti, na vile vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye kumbukumbu, na vyote hivyo fundi anavibadilisha. Zungusha feni kwa kidole: ikikwaruza au ikicheza kama jino la mtoto, omba punguzo la kubadilisha feni. Kwenye RX 470, 480, 570 na 580 uliza pia kama BIOS ya kadi imerudishwa ya kiwandani, kwa sababu wachimbaji walizibadilisha sana. Jina RX 580 2048SP likikupitia, jua kuwa nguvu yake ni ya RX 570, kwa hiyo ilipie bei ya 570. Na P106-100 usiiguse kama wewe si fundi: ni ndugu wa GTX 1060, ila ilitengenezwa kwa ajili ya uchimbaji na haina hata tundu moja la kutoa picha.

Kama unajenga kompyuta mpya katikati ya wimbi, usianze na kadi. Nunua prosesa yenye grafiki nzuri ndani. Ryzen 3 2200G ilitoka Februari 2018 kwa dola 99, katikati kabisa ya wimbi la kwanza, na iliwaokoa wengi. Kwenye wimbi la pili kazi hiyo ikafanywa na Ryzen 5 5600G, Agosti 2021. Zifungie RAM mbili zinazofanana badala ya moja kubwa, kwa kuwa grafiki ya ndani inakula kutoka kwenye RAM, na vipande viwili vinaifungulia njia mbili. Tundu la kadi libaki wazi mpaka bei zirudi.

Zinarudi kweli. Zilirudi katikati ya 2018. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum yenyewe iliacha kabisa uchimbaji wa kadi, na waliokopa kununua kadi kileleni wakabaki wanalipa deni la kitu kilichoshuka thamani mikononi mwao. Likizuka wimbi jingine la sarafu nyingine, kazi inayoweza kusubiri miezi sita iache isubiri. Usikope kwa ajili ya gemu.

Njia ya mwisho, ambayo wengi wanaipita bila kuiona: ulizia mashine nzima. Katika mawimbi yote mawili, kompyuta ya ofisini ya mtumba yenye Quadro ndani mara nyingi iliuzwa bei inayokaribiana na kadi ya gemu peke yake, kwa sababu mwenye duka alipanga bei ya kompyuta na kuisahau kadi. Omba kufungua kasha. Kariakoo au mtaa wa Luthuli kule Nairobi, muuzaji mstaarabu hakatai. Soma jina la kadi, ichomeke flashi yako, fanya hesabu.

Ukiridhika, taka risiti ya mashine ya EFD kama uko Tanzania, na kabla hujalipa mwombe muuzaji aandike kwa kalamu juu yake mambo matatu: jina kamili la kadi pamoja na aina ya kumbukumbu, namba ya mfululizo (serial) iliyo kwenye stika nyuma ya kadi, na siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha. Piga picha stika na risiti pamoja, mbele yake. Akikataa kuandika, iache kadi juu ya kaunta uende duka la pili.